Shule kujitafutia walimu tarajali Uingereza: kwa nini nafasi hubaki wazi?

Mleta mada

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Katika nyuzi za elimu humu ndani limekuwa likirudi pendekezo kwamba mafunzo ya ualimu yaondolewe vyuoni na kukabidhiwa shule, kwa hoja kwamba anayemjua mwalimu mzuri ni yule anayeshinda darasani kila siku. Uingereza wamelijaribu jambo hilo kwa upana ambao nchi chache zimethubutu. Mimi nimelishuhudia kwa karibu kwa sababu nafundisha sayansi katika shule ya sekondari kaskazini mwa England, na nimekuwa nikikaa kwenye majopo ya kuwasaili wanaoomba kufunzwa ualimu kwetu. Ningependa tujadili upande mmoja wa jambo hili, ambao aghalabu husahauliwa: ni nani mwenye kazi ya kuwatafuta hao walimu tarajali, na hutokea nini kazi hiyo inapoangukia shule yenyewe. Ninaposema Uingereza hapa nakusudia England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Tangu 1993 shule ziliruhusiwa kuungana na kutoa mafunzo ya ualimu zenyewe, kwa utaratibu unaofahamika kwa kifupi kama SCITT. Hata hivyo walimu walio wengi waliendelea kupitia vyuo vikuu hadi Novemba 2010, serikali ilipotoa waraka wa sera wakati Michael Gove akiwa Waziri wa Elimu. Gove alishikilia kwamba ualimu ni ufundi, na kwamba ufundi hujifunzwa vyema na mwanagenzi anayemtazama fundi stadi akiwa kazini. Kutokana na msimamo huo ukaanzishwa mwaka 2012 mpango wa School Direct. Katika mpango huo shule kiongozi, ikishirikiana na shule jirani pamoja na chuo kikuu au SCITT yenye ithibati, iliomba nafasi za mafunzo serikalini, ikazitangaza, ikasaili waombaji na kuchagua iliowataka. Aliyechaguliwa ama alilipa ada kwa mkopo, na katika baadhi ya masomo alipata ruzuku, ama aliajiriwa na shule kwa mshahara wa mwalimu asiyehitimu. Njia hii ya pili ilikusudiwa hasa watu waliokwisha kufanya kazi nyingine kwa miaka isiyopungua mitatu.

Katika mwaka wa masomo 2013/14, ambao ndio ulikuwa wa kwanza kwa mpango huu kufanya kazi kwa ukubwa, School Direct ilijaza takriban theluthi mbili tu ya nafasi ilizopewa, ilhali vyuo vikuu vilijaza karibu tisa kati ya kila kumi. Serikali haikurudi nyuma. Iliendelea kuhamisha nafasi kutoka vyuoni kwenda shuleni, na kufikia 2015/16 takriban nusu ya waliokuwa wakianza mafunzo baada ya shahada ya kwanza walikuwa katika njia zinazoongozwa na shule. Wakati huohuo, Open University na University of Bath ziliachana na kozi zao za PGCE, yaani cheti cha ualimu cha baada ya shahada. Februari 2016 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa hesabu za serikali ilitoa ripoti ikionyesha kwamba malengo ya kitaifa ya kupata walimu tarajali yalikuwa yamekosekana kwa miaka minne mfululizo.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, si uzembe wa shule. Shule inaposaili huwa inasaili kama mwajiri. Mwajiri humtafuta mtu aliyekwisha kuiva, na mkufunzi humtafuta mtu anayeweza kuiva. Hizo ni kazi mbili, na School Direct ilizitia mikononi mwa mkuu wa shule mmoja ambaye tangu siku ya kwanza ya kazi yake amezoea kuifanya moja tu.

Nitaeleza usaili mmoja. Mwombaji alikuwa mhandisi, mwanamke wa makamo aliyetaka kuhamia ualimu wa fizikia. Alipewa dakika 20 kufundisha darasa la watoto wa miaka 12 na 13, akachagua somo la kuelea na kuzama. Alileta beseni la maji na machungwa mawili, moja lenye ganda na jingine lililomenywa. Chungwa lenye ganda huelea, kwa kuwa ganda lake limejaa vijishimo vya hewa, na lililomenywa huzama ingawa ni jepesi zaidi. Ni jaribio zuri mno. Kasoro yake ni kwamba alilitumbukiza kabla ya kuwauliza watoto wanadhani litatokea nini, kisha akatumia muda uliobaki akiandika kanuni ubaoni huku amelipa darasa mgongo. Watoto wawili wa nyuma walianza kupigana viwiko, naye hakuwaona. Jopo lilipokaa, mkuu wa shule aliuliza swali moja: je, ningemkabidhi darasa langu mwezi Septemba? Kwa swali hilo jibu lilikuwa hapana, na haki yake. Mimi nilisema kwamba yote aliyoyakosea hufundishwa katika wiki sita za kwanza za mafunzo, na kwamba aliyebuni jaribio la namna ile anaijua fizikia na ana jicho la mwalimu. Hoja yangu haikupita. Mama yule alirudi kwenye uhandisi, na nafasi yetu ya fizikia ikabaki wazi mwaka ule.

Mkufunzi wa chuo anayepokea tarajali kwa makumi angeweza kumchukua bila hofu, kwa kuwa anajua kutokana na uzoefu kwamba wa namna yake wengi huibuka walimu wazuri ifikapo Machi. Shule yenye nafasi mbili au tatu haina uzoefu huo wa idadi. Kila anayepokewa ni dau kubwa: ataingia katika madarasa halisi, wazazi watauliza maswali, mwalimu mlezi atapunguziwa vipindi ili amwongoze, na wakaguzi wa Ofsted wanaweza kubisha hodi wiki yoyote. Katika hali hiyo kukataa hakuna gharama inayoonekana, na kukubali kuna gharama inayoonekana kila siku. Mtu yeyote mwenye busara angekataa.

Lipo pia suala la nafasi zenyewe kufungiwa mahali pamoja. Mwombaji aliyekuwa wa nne katika shule yenye nafasi tatu ni mtu anayefaa kabisa, ila hapakuwa na mfumo wa kumpeleka shule ya kilomita 20 mbele iliyokuwa ikilia kwa kukosa mtu. Kuanzia msimu wa maombi uliofunguliwa mwishoni mwa 2013, waombaji waliruhusiwa kupeleka maombi matatu kwa wakati mmoja kupitia UCAS, yaani huduma ya pamoja ya maombi ya vyuo, na kila mtoa mafunzo akapewa siku 40 za kazi za kujibu. Kwa ofisi ya udahili ya chuo kikuu siku 40 zinatosha. Kwa mwalimu mmoja anayeratibu mafunzo huku akiwa na ratiba ya vipindi, mitihani ya majaribio na wiki za likizo zinazokatiza, siku hizo huyeyuka. Waombaji bora wa fizikia na hisabati hawakungoja, kwa kuwa walikuwa na barua za kazi kutoka mabenki.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hesabu ya taifa. Serikali hukadiria kila mwaka nchi itahitaji walimu wangapi wa kila somo. Shule hukadiria ikama yake. Shule ambayo haitarajii pengo la mwalimu wa fizikia mwezi Septemba haina sababu ya kumtafuta mwanafunzi wa fizikia, na shule isiyo na mwalimu wa fizikia hata mmoja haina wa kumlea mwanafunzi huyo hata ikimpata. Kwa hiyo mafunzo huelekea pale ambapo walimu tayari wapo. Ripoti niliyoitaja ilionyesha kwamba sehemu ya vipindi vya fizikia vya sekondari vinavyofundishwa na walimu wasio na sifa ya somo hilo zaidi ya ngazi ya A-level (mtihani unaofanana na wa kidato cha sita) ilipanda kutoka asilimia 21 mwaka 2010 hadi asilimia 28 mwaka 2014. Vilevile, katika shule zenye wanafunzi wengi wa familia maskini, asilimia 54 ya viongozi walisema kupata na kubakiza walimu wazuri ni tatizo kubwa, ikilinganishwa na asilimia 33 katika shule nyingine. Shule zilizozidiwa hivyo ndizo zenye muda mchache zaidi wa kuchapisha matangazo, kuandaa siku za wageni na kujibu barua pepe za waombaji.

Pendekezo langu ni kwamba tarajali aendelee kufunzwa shuleni kwa sehemu kubwa ya mwaka, na shule iwe na sauti katika usaili, lakini uamuzi wa kumpokea na wajibu wa kujaza nafasi uwe wa eneo zima: kundi la shule nyingi pamoja na chuo, wenye orodha moja ya waombaji na idhini ya kumhamishia shule nyingine aliyekosa nafasi ya kwanza. Naomba michango yenu.

Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada, nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaposoma habari za tarajali kufunzwa palepale shuleni nakumbuka kwamba sisi Tanzania tulishalifanya kwa kiwango ambacho wengi wa vijana humu hawakijui. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisogeza karibu lengo la Elimu ya Msingi kwa Wote (kwa kifupi cha Kiingereza, UPE), likataka litimie ifikapo 1977. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kamwe kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawekwa shuleni kufundisha kwa sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakasoma wenyewe kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa wakufunzi waliokuwa wakizunguka. Mwishoni waliitwa vyuoni kwa muda mfupi kabla ya mtihani. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo, na hao ndio walioitwa walimu wa UPE, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli wasiyostahili.

Nataka kuonyesha tofauti moja. Kwetu kuwapata haikuwa shida kabisa. Vijana walikuwa wengi, kazi ya serikali ilikuwa na hadhi, na serikali ndiyo iliyowakusanya na kuwagawa. Shida yetu ilikuwa ubora na usimamizi: mkufunzi mmoja alikuwa na shule nyingi mno, baiskeli haikuwepo, na kitabu cha somo la tatu kilifika baada ya somo la tano. Nyinyi huko mna vitabu, mna wakufunzi, mna ruzuku, na bado nafasi hazijai. Kwa hiyo nauliza: je, kosa ni shule kuongoza, au ni kwamba vijana wa huko hawautaki ualimu, na hata malaika akipewa kazi ya kuwatafuta hatawapata?

Mchangiaji, Arusha

Naunga mkono swali la Mwalimu wa Dodoma. Ukitazama takwimu za karibuni, tatizo linavuka mipaka ya School Direct. Katika mwaka 2023/24 England iliweka lengo la walimu tarajali 2,820 wa fizikia na ikapata 484, yaani asilimia 17. Kwa masomo yote ya sekondari kwa pamoja lengo lilifikiwa nusu tu. Hizo ni hesabu za njia zote, vyuo vikuu vikiwemo. Na mwaka 2020/21, wakati wa janga la korona, malengo ya sekondari yalivukwa, na shule zilikuwa zilezile zenye majopo yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba waajiri wengine walikuwa wamefunga milango, ualimu ukabaki kazi ya uhakika. Mimi naona soko la ajira ndilo linaloamua, na mfumo wa usaili unachangia kidogo tu.

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu, na ndugu wa Arusha nakushukuru kwa takwimu. Nakubali kwamba mshahara, mzigo wa kazi na ushindani wa sekta nyingine ndivyo vinavyoamua ni wangapi watabisha hodi. Lakini njia ya kuandikisha ndiyo inayoamua ni wangapi kati ya waliobisha watafunguliwa. Mwaka waombaji wanapokuwa wengi, kama 2020, kasoro ya njia haionekani, kwa sababu hata ukikataa wanne kati ya kumi bado nafasi zinajaa. Mwaka waombaji wanapokuwa wachache ndipo inapokuwa muhimu kujua nani anashika mlango. Ndiyo maana nilianza na takwimu za 2013/14: soko la ajira lilikuwa lilelile kwa pande zote mbili, waombaji walitoka nchi ileile mwaka uleule, na bado upande wa shule ulijaza kwa kiwango cha chini sana kuliko upande wa vyuo.

Ili kutenda haki niongeze kwamba serikali ilizipa shule nafasi nyingi zaidi ya zilivyoweza kutarajiwa kujaza kwa haraka, na baadhi ya shule ziliomba nafasi kwa tahadhari tu, bila kuwa na hakika. Kwa hiyo pengo lile halielezwi lote na ukali wa majopo. Hata ukiliondoa hilo, linabaki pengo la kutosha kuzungumziwa.

Nalo jambo la 2015 lilitufundisha kitu. Serikali ilipoondoa mgawo wa nafasi kwa kila chuo na kuweka kikomo cha kitaifa kwa somo, vyuo vikuu vilijaza upesi kiasi kwamba katika masomo kama mazoezi ya viungo na historia vilizuiwa kuendelea kupokea watu mapema mno, ili zibaki nafasi za kujazwa na shule. Waombaji waliokuwa wakijiandaa kwa usaili walipata taarifa kwamba mlango umefungwa. Mpango unaohitaji kulindwa kwa kuwafungia wengine una udhaifu ndani yake.

Mchangiaji, Birmingham

Naomba kutoa mtazamo wa upande wa pili, kwa kuwa mimi ni naibu mkuu wa shule ya msingi na tumekuwa tukipokea walimu tarajali kwa njia ya shule kwa miaka mingi. Mleta mada anazungumzia fizikia ya sekondari, na huko simbishii. Kwenye shule za msingi mambo ni tofauti.

Watu wengi tuliowapata hawangefika chuo kikuu kamwe. Ni wasaidizi wa darasani waliokwisha kukaa na watoto wetu kwa miaka, akina mama wenye shahada walioacha kazi kulea na sasa wanataka kurudi, watu ambao hawawezi kusafiri kwa treni asubuhi na jioni kwa sababu wana mtoto wa kumpeleka shule. Wanakuja kwetu kwa sababu wanatujua. Wengine wanatoka katika familia za Kisomali na za Kiafrika Mashariki zinazoishi mitaa inayozunguka shule, na watoto wetu wanapomwona mwalimu anayefahamu salamu za nyumbani kwao, hilo lina faida ambayo hakuna tangazo la kitaifa litakaloileta. Na wakishahitimu wanabaki. Chuo hutuletea mwanafunzi mzuri, akimaliza anahamia mji mwingine.

Tatizo letu la kweli lilikuwa fedha ya njia ya mshahara. Ruzuku ya serikali haikuwa ikitosha kwa shule ndogo ya msingi, kwa kuwa unamlipa mtu ambaye kisheria hatakiwi kuhesabiwa kama mwalimu kamili wa darasa, na papo hapo unalipa chuo kwa ajili ya mafunzo. Wale wanaoihitaji njia hiyo zaidi, yaani wazazi wenye kodi ya nyumba, ndio tuliolazimika kuwaambia kwamba mwaka huu ipo njia ya ada tu. Wengi walikata tamaa hapo. Uanagenzi wa ualimu ulioanzishwa 2018 umesaidia kwa sehemu, kwa kuwa gharama ya mafunzo hulipwa kutokana na tozo ya uanagenzi, lakini mshahara bado ni wa shule.

Jambo jingine ni walimu walezi. Mwalimu mlezi ni mtu yuleyule anayefundisha darasa zima, anayeongoza somo fulani na anayekutana na wazazi. Tangu mapitio ya mafunzo ya ualimu yaliyoongozwa na Ian Bauckham mwaka 2021, matakwa ya mafunzo na saa za malezi kwa kila mwanafunzi yameongezeka. Ni jambo jema kwa mwanafunzi, ila shule nyingi sasa husema haziwezi kupokea mtu kabisa. Kwa hiyo hata ukiunda kundi la eneo zima unalolipendekeza, utafika mahali ambapo una waombaji na huna wa kuwalea.

Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma uzi huu nikifikiria yaliyotupata Kenya kuanzia 2001, Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilipoanza kuajiri kulingana na pengo la kila shule na kuachia bodi za shule na za wilaya uchaguzi wa nani aajiriwe. Najua hapo ni kuajiri waliokwisha kuhitimu na si kuwatafuta wanafunzi wa ualimu, lakini hoja ni ileile. Faida ilikuwa kwamba mwalimu alipelekwa mahali palipokuwa na pengo la kweli, na aliyechaguliwa alikubali kufika. Hasara ilikuwa kwamba wengi walioajiriwa walikuwa wa eneo lilelile, malalamiko ya upendeleo yakawa mengi, na sehemu kame za kaskazini zilizokuwa na wahitimu wachache wa kwao zikaendelea kukosa. Shule huona mlango wake. Anayeona nchi nzima lazima awe mwingine.

Ndugu wa Birmingham anasema waliochaguliwa karibu na nyumbani hubaki. Ni kweli, na ni jambo la kuheshimu. Ila maeneo yasiyo na wahitimu wa kuchagua, kama baadhi ya miji ya pwani ya England ninayoisoma kwenye magazeti, yatapata wapi watu hao?

Mleta mada

Ndugu wa Birmingham, umenigusa, na kwa shule za msingi nakuachia uwanja. Msaidizi wa darasani ambaye mkuu wa shule amemwona akifanya kazi kwa miaka mitatu hana haja ya kupimwa kwa somo la dakika 20. Ameshasailiwa kila siku. Hapo mwajiri na mkufunzi wanaona kitu kimoja. Hofu yangu ni kwa mgeni anayetoka nje ya shule, hasa katika masomo yenye uhaba, kwa kuwa huyo hana wa kumdhamini kwa maneno ya miaka mitatu.

Kuhusu walimu walezi uko sahihi kabisa, na naona hapo ndipo serikali ilipaswa kuanzia kabla ya kutangaza chochote. Shule ikilipwa kwa uhakika muda wa mwalimu mlezi, yaani vipindi vyake vipungue na mtu mwingine alipwe kuvifundisha, kumpokea mwanafunzi mwenye mapungufu hakutakuwa dau kubwa tena, na jibu la jopo litabadilika bila kumhubiria mtu yeyote. Ukali wa majopo na uhaba wa walezi ni tatizo lenye mzizi mmoja.

Mapitio ya 2021 yalileta pia jambo ambalo ndugu wa Nairobi amelidokeza. Watoa mafunzo wote walitakiwa kuomba ithibati upya, na mwishoni mwa 2022 waliopita walikuwa 179, pungufu kwa makumi kadhaa kuliko waliokuwepo awali. Hata Durham, chuo chenye jina kubwa, hakikupata ithibati na kililazimika kuendelea kwa ushirika na Newcastle. SCITT ndogo nyingi zimegeuka kuwa washirika wa watoa mafunzo wakubwa. Kwa upande mmoja hilo linaelekea kwenye lile kundi la eneo nililopendekeza. Kwa upande mwingine, mtoa mafunzo akiwa mbali, miji ya pwani na vijijini ambako hakuna chuo cha karibu hubaki ikitegemea shule moja au mbili, na zikichoka hakuna njia nyingine.

Mchangiaji, Leicester

Naomba nisaidiwe kwa upande wa vitendo. Nina shahada ya fizikia na hisabati kutoka Tanzania, nipo hapa kwa viza ya mwenzi wangu, na mdogo wangu aliyeko Mwanza, mwenye shahada kama yangu, naye anataka kuomba. Shule iliyo karibu nami ilinisaili vizuri, kisha ikasema haina uhakika na vyeti vyangu, wakanyamaza. Je, tuombe kwa shule au kwa chuo?

Mleta mada

Hongera kwa kufika kwenye usaili. Ukimya huo naufahamu, na kwa kawaida hautokani na ubaya wa moyo. Mratibu wa shule huenda hajawahi kuona cheti cha kidato cha nne cha NECTA, naye anatakiwa kuthibitisha kwamba una kiwango kinacholingana na daraja la 4 la GCSE, mtihani wa hapa wa wanafunzi wa miaka 16, katika Kiingereza na hisabati. Usingoje akuulize. Omba tamko la ulinganifu kutoka UK ENIC, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, kwa shahada yako na kwa cheti cha kidato cha nne, ulipeleke pamoja na maombi. Watoa mafunzo wengi pia hukuruhusu kufanya mtihani mbadala wa Kiingereza au hisabati, nawe uliza mapema wanakubali upi. Andikia pia mtoa mafunzo mwenye ithibati anayeshirikiana na shule hiyo, kwa kuwa uamuzi kuhusu sifa za kujiunga ni wake, na shule mara nyingi husita kwa sababu tu mtoa mafunzo huyo hajaulizwa.

Kwa kuwa una viza ya mwenzi, soma masharti yake na uthibitishe kwamba unaweza kusoma na kufanya kazi bila kufadhiliwa viza. Ikiwa ndivyo, njia zote ziko wazi kwako, na ningekushauri uombe mchanganyiko. Mfumo wa maombi wa serikali sasa unaruhusu hadi maombi manne kwa wakati mmoja, kwa hiyo weka shule mbili na vyuo viwili. Kwa fizikia, swali la kuuliza kila shule ni hili: mwalimu mlezi wangu ni mwalimu wa fizikia, au wa baiolojia anayefundisha fizikia kwa kujaza pengo? Shule nzuri haitachukizwa na swali hilo.

Kwa mdogo wako hali ni ngumu zaidi. Aliyeko nje anahitaji mtoa mafunzo mwenye leseni ya kufadhili viza ya mwanafunzi, na SCITT nyingi ndogo hazina leseni hiyo, ingawa vyuo vikuu vinayo. Kwa njia ya mshahara, shule yenyewe ndiyo ingelazimika kuwa na leseni ya kumfadhili kama mfanyakazi. Mikopo ya serikali kwa kawaida hapati, na ada ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Katika mwaka 2023/24 ruzuku za fizikia na za lugha za kigeni zilifunguliwa kwa raia wa nje pia, ya fizikia ikiwa paundi 27,000. Maombi kutoka ng'ambo yakaongezeka sana, na wengi wakakataliwa. Masharti hayo hupangwa upya kila mwaka, kwa hiyo asome yale ya mwaka anaoombea, asitegemee ushauri wa mtu aliyekuja mwaka juzi. Aanze na vyuo, aulize kuhusu leseni ya viza kwa barua pepe kabla ya kujaza fomu yoyote, na asimlipe wakala hata senti, kwa kuwa mfumo wa maombi wenyewe ni wa bure.

Ukipata jibu kutoka shule ile au kwa mtoa mafunzo wake, liweke hapa ili wanaokuja nyuma yako walione.